Lucille Ball kabla hajawa Lucy

Mwaka 1926 binti wa miaka 15 hivi aliondoka Jamestown, mji wa mafundi wa samani katika jimbo la New York, akaenda jijini kusomea uigizaji. Shule ilikuwa ya John Murray Anderson na Robert Milton, na mwanafunzi aliyekuwa aking'ara siku hizo ni Bette Davis, aliyekuja kuwa nyota wa filamu. Huyu wa Jamestown alishindwa hata kufungua kinywa. Haikupita muda, mama yake akapata taarifa kutoka shuleni kwamba mtoto ana haya kupita kiasi, na kwamba anapoteza muda wake na wa walimu. Akafungasha, akarudi nyumbani.

Binti huyo ni Lucille Ball. Ukimtaja leo, watu humwona Lucy wa kipindi cha I Love Lucy: macho yamemtoka pima, mdomo umepinda, mipango yote imemharibikia. Wengi hudhani alizaliwa hivyo. Lakini televisheni ilimpokea akiwa na miaka 40, na miaka iliyotangulia ndiyo inayonivutia kuliko sifa zote zilizofuata. Aliitumia kujifunza kazi ambayo warembo wenzake waliikimbia.

Alizaliwa Agosti 6, 1911. Baba yake, fundi wa laini za simu, alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1915, Lucille akiwa na miaka mitatu tu. Alikulia Celoron, kando ya ziwa Chautauqua, akilelewa kwa kiasi kikubwa na wazazi wa mama yake. Babu Fred Hunt alipenda maonyesho ya jukwaani, yale ya nyimbo, dansi na wachekeshaji kwa mpigo, na aliwachukua wajukuu kwenda kuyatazama. Nadhani kama kuna mtu wa kwanza wa kushukuriwa katika habari hii, ni mzee huyo.

Alirudi tena New York mwaka 1928, safari hii kuwa mwanamitindo katika duka la mavazi la Hattie Carnegie. Ugonjwa wa viungo ukamlaza, na ilimchukua karibu miaka miwili kupona na kutembea vizuri tena. Alipopata nafuu alirudi jijini, akajiita Diane Belmont kwa muda, akapigwa picha za matangazo ya sigara za Chesterfield, akabisha hodi kwenye kumbi za Broadway. Alipata nafasi za kucheza dansi nyuma ya waimbaji, na kila mara aliachishwa kabla onyesho halijafika kwa watazamaji.

Mwaka 1933 ndipo mlango ulipofunguka, nao ulifunguka nusu. Filamu ya Roman Scandals, ya mchekeshaji Eddie Cantor, ilihitaji kundi la wasichana warembo wa kusimama na kucheza nyuma yake. Mmoja alijitoa, Lucille akachukua nafasi yake, akapanda treni kwenda Hollywood. Wasichana walinyolewa nyusi ili wachorwe nyingine. Za Lucille hazikuota tena sawasawa.

Kuna simulizi kuhusu filamu hiyo iliyoishi miaka mingi. Tukio moja lilihitaji msichana arushiwe tope usoni. Wengine walikataa, na ni haki yao, kwani walikuwa wameajiriwa kwa sura zao. Lucille akasema yuko tayari. Mimi hulipa tukio hilo uzito mkubwa kuliko filamu nyingi alizocheza baadaye zenye jina lake kwenye bango. Binti aliyekuwa akiona haya kusema mbele ya darasa alikuwa amegundua kwamba akichekwa kwa hiari yake, haya inamwacha.

Tangu hapo alifanya kila alichopewa. Mwaka 1934 alicheza na wachekeshaji Three Stooges katika Three Little Pigskins, na baadaye alikuwa akisema kwamba alichojifunza kwao ni kukwepa tu. Studio ya Columbia ikamwacha. Akaingia RKO kwa dola 50 kwa wiki, akionekana kwa dakika chache katika filamu za Fred Astaire na Ginger Rogers kama Roberta na Top Hat, zote za mwaka 1935. Muuza maua, mwanamitindo, msichana anayepita.

Hapo RKO alikuwapo mwanamke ambaye hatajwi inavyostahili: Lela Rogers, mama yake Ginger. Aliendesha mafunzo kwa waigizaji chipukizi wa studio, akawaandalia michezo katika ukumbi mdogo. Lucille alimsifu maisha yake yote. Kile ambacho shule ya New York haikuweza kukitoa, Lela alikitoa, pengine kwa sababu hakumtaka binti awe Bette Davis. Mwaka 1937 Lucille akaonekana vizuri katika Stage Door, pamoja na Katharine Hepburn na Ginger mwenyewe. Mwaka uliofuata akacheza na wachekeshaji ndugu wa Marx katika Room Service.

Miaka ya 1940 ilimpa mume, Desi Arnaz, kiongozi wa bendi kutoka Cuba, waliyekutana katika kazi ya filamu ya Too Many Girls na kuoana Novemba 1940. Ilimpa pia nywele nyekundu, alizopakwa na studio ya MGM kwa ajili ya Du Barry Was a Lady ya mwaka 1943. Haikumpa unyota. Hollywood ilimwita malkia wa filamu za daraja la pili. Lakini hapo MGM alikuwapo Buster Keaton, gwiji wa filamu zisizo na sauti, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa kutunga vituko kwa ajili ya wengine. Keaton alimfundisha kushika vitu: kwamba kiti, ngazi au kofia ni mwigizaji mwenzako, na ni lazima uvifanyie mazoezi mpaka mikono ivijue bila macho.

Julai 1948 kampuni ya utangazaji ya CBS ilimpa mchezo wa redio, My Favorite Husband, akiwa mke wa mfanyakazi wa benki. Ulirekodiwa mbele ya watu, na hapo kwanza alisoma maneno yake kwa ukakamavu, uso ndani ya karatasi. Mwandishi na mtayarishaji wake, Jess Oppenheimer, alimpa tiketi za kipindi cha mchekeshaji Jack Benny, akamwambia akaangalie mtu anavyoishi na hadhira yake. Lucille alirudi ameelewa. Akaanza kukunja uso, kurusha mikono, kutembea jukwaani, yote hayo redioni! Waliokuwa ukumbini walivunjika mbavu. Waliokuwa nyumbani walisikia vicheko wasijue kimetokea nini.

CBS ikaona: huyu anataka kutazamwa. Walipomwomba aje kwenye televisheni alikubali kwa sharti moja, kwamba mume wa kwenye mchezo awe mumewe wa nyumbani. Wakubwa walihofia Wamarekani wasingemkubali Mcuba kuwa mume wa Mmarekani. Kwa hiyo mwaka 1950 Lucille na Desi wakaingia njiani na onyesho lao la jukwaani, mji kwa mji, ili watazamaji waamue. Pepito, mchekeshaji wa sarakasi kutoka Hispania, aliwafundisha kituko cha selo, ile ala ya muziki ya nyuzi, iliyojaa vifaa vya ajabu. Watu walishangilia. Machi 1951 wakarekodi kipindi cha majaribio, selo ikiwemo, Lucille akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza.

I Love Lucy ilianza kuonyeshwa Jumatatu, Oktoba 15, 1951. Usiku ule wa kwanza Lucy anamvizia mume wake akiwa amejigeuza mshamba wa milimani, nguo za ovyo, sauti ya kukwaruza, urembo wote umetupwa pembeni. Nyusi alikuwa amezichora kwa kalamu, kama alivyofanya kila siku tangu zilipompotea katika Roman Scandals.