Jeraha la Bandia na Jeraha la Kweli

Msomaji, huenda umepata kutazama mchezo wa kuigiza shuleni, akatokea jukwaani mtu mwenye jeraha shavuni, hata watoto walioketi mbele wakafumba macho. Jeraha lile lilifanywa kwa maziwa ya mpira, yaani utomvu mweupe uliotiwa amonia ili usigande chupani. Hata wewe waweza kulifanya nyumbani, ukiwa Tulia au pengine popote katika Kitui na Makueni. Utomvu hupakwa ngozini utando mwembamba, ukaachwa ukauke. Hubandikwa karatasi ya shashi, kisha hupakwa tena. Ukishakauka hupasuliwa katikati, na ndani hutiwa rangi nyekundu. Kwa ufundi wa jamaa hiyo John Chambers aliwageuza waigizaji kuwa sokwe katika filamu ya Planet of the Apes ya mwaka 1968, akatunukiwa Oscar ya heshima.

Lakini jihadhari. Jaribu kwanza tone moja mkononi, kwa maana wako watu ambao miili yao haipatani na mpira. Usiupake karibu na macho, wala penye nywele, kwani ukikauka huzishika na kuzing'oa. Wala usidanganyike ukachukua utomvu wa mnyaa uliopandwa kuwa ua: nao ni mweupe kama maziwa, lakini huunguza ngozi na waweza kupofusha macho.

Sasa yafaa ujue maziwa haya yalitoka wapi. Neno mpira, ambalo leo twalitumia kwa kandanda, ni jina pia la mmea utambaao msituni, jamaa ya mbungo. Katika karne ya 19 watu wa pwani yetu waliuchanja, na mpira wake ukauzwa ng'ambo kwa njia ya Zanzibar. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, alikuwa amegundua ya kuwa mpira ukipikwa pamoja na salfa hustahimili joto na baridi. Mwaka 1888 John Dunlop akatengeneza tairi ya kujazwa upepo. Tangu hapo Ulaya na Marekani zikawa na njaa ya mpira.

Njaa hiyo iliwaangukia watu wa Kongo, nchi ambayo tangu mwaka 1885 ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Vijiji viliwekewa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanawake walishikwa rehani mpaka waume zao warudi nao. Huko msituni wakusanyaji walijipaka utomvu mikononi, vifuani na mapajani, wakangoja ukauke, kisha wakaubandua pamoja na nywele za mwili. Ndivyo walivyougandisha.

Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala. Ameketi barazani, anautazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, ndivyo vilivyosalia baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua mtoto huyo. Picha hiyo na nyinginezo zilionyeshwa Uingereza na Marekani, makelele yakazidi, hata mwaka 1908 Leopold hakuwa na budi kuitoa Kongo mikononi mwake na kuikabidhi serikali ya Ubelgiji.

Basi usiuchukie ufundi wa jukwaani kwa sababu ya habari hizi. Picha ya Nsala haikuwa na tone moja la rangi, nayo iliwafumbua macho watu waliokuwa mbali; mchezo mwema nao hutaka kufanya vivyo hivyo kwa jeraha la uongo. Siku utakapoubandua mpira shavuni, ukasikia unywele mmoja uking'oka, wakumbuke wale waliojipaka mwili mzima, wala si kwa mchezo.