Homa Iliyopewa Jina la Pwani Yetu

Wafugaji wa Tanzania huiita ndigana kali. Wamaasai huiita oltikana. Vitabu vya Kiingereza huiita homa ya Pwani ya Mashariki, yaani pwani yetu. Jina hilo lilitoka wapi?

Sotoka ilipoteketeza ng'ombe wa kusini mwa Afrika mnamo 1896 na 1897, walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, waliagiza wengine kutoka ng'ambo. Mwishoni mwa 1901, ng'ombe wapatao 1,000 wa Australia waliteremshwa Beira, bandari iliyokuwa ikipokea pia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Wageni hao walikufa karibu wote. Mwaka 1902 maradhi yakazuka Umtali na Salisbury.

Serikali ikamwita Robert Koch. Alipokuwa Dar es Salaam miaka michache kabla, Koch aliona vijidudu vidogo kwenye damu ya ng'ombe, akadhani ni wachanga wa wale wanaoleta mkojo mwekundu. Sasa alikubali kwamba haya ni maradhi mengine, akayaita homa ya pwani ya Afrika. Hata hivyo, chanjo yake ya damu ya ng'ombe waliopona haikufaulu. Mwenezaji ni kupe wa kahawia wa masikioni, kama Charles Lounsbury alivyothibitisha Afrika Kusini. Kimelea chenyewe kilielezwa na Arnold Theiler mwaka 1904, na leo kinaitwa Theileria parva. Hushambulia chembe nyeupe za damu: tezi huvimba, mapafu hujaa maji, mnyama hufa.

Tangu hapo majosho, seng'enge na marufuku ya kuhamisha mifugo vilienea. Afrika Kusini iliutokomeza ugonjwa huo katika miaka ya 1950. Afrika Mashariki bado unaua ndama.

Mbona basi ng'ombe wa pwani walionekana wazima? Kwa sababu waliugua wangali ndama, na waliopona hawakuugua tena, ingawa waliendelea kubeba vimelea. Kinga hiyohiyo ndiyo msingi wa chanjo iliyotengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970: ng'ombe hupewa vimelea hai pamoja na dawa ya tetrasaiklini siku hiyohiyo.

Kwa hiyo pwani haikuwa chafu kuliko kwingine. Ilikuwa na ng'ombe waliozoeana na maradhi, kisha biashara ya meli ikawakutanisha na wasioyajua. Tunapotafsiri, tusilibebe jina la lawama. Ndigana kali linatosha.