Taa za Land Cruiser ya zamani: mbele ya kununua ampuli, pima kwanza

Ku Musonoi na pembeni yote ya Kolwezi, Land Cruiser za miaka ya 1990 zingali zinatumika kila siku. Injini yao ya dizeli haichoke upesi, lakini waya zimezeeka. Usiku, ku barabara RN39 ya kwenda Likasi, mahali makamyo ya shaba na kobalti yanapita, motokari yenye taa moja inaonekana kwa mbali sawa pikipiki. Mwenye kuja mbele anakosea kipimo, na ajali inatokea. Namna hii njo ya kutafuta kosa kwa utaratibu, bila kutupa franka.

Anzia ku batri

Multimetre ya bei ya chini inatosha. Injini ikiwa imelala usiku muzima, batri nzuri ya volti 12 inaonyesha karibu 12,6. Ikionyesha 12,2, imebakia karibu nusu. Washa injini: inafaa kupanda mpaka kati ya 13,8 na 14,4. Ikibakia chini ya 13, alternateri hailishe batri. Angalia mukanda kama umelegea, kisha makaa ya ndani. Ikipita 15, regilateri imeharibika, na ampuli zitaungua moja kwa moja.

Angalisho: dizeli fulani ziko na batri mbili. Hakikisha kama zimeunganishwa kwa volti 12 ao 24 mbele ya kupima.

Taa inawaka, lakini haina nguvu

Mara mingi kosa haliko ku ampuli. Volti ikipunguka asilimia 10, mwangaza unapunguka karibu asilimia 30. Washa injini na taa, pima volti nyuma ya ampuli, kisha pima ku batri. Tofauti ikipita volti 1, umeme unapotea njiani: kontakti imeungua, ao masi iko na kutu.

Masi ni ile njia ya kurudishia umeme ku chuma cha motokari. Vumbi ya kiangazi na maji ya mvua vinaingia chini ya bulo yake. Fungua, paruza mpaka chuma king’ae, funga nguvu, kisha paka grisi kidogo juu. Alama yake ni hii: unakanyaga frein, taa zingine za nyuma zinawaka nusu-nusu, ao klinyota inachezesha taa ya pembeni. Lakini kama klinyota inapiga mbio, ampuli moja njo imekufa.

Fundi ajue pia jambo hili: ku Land Cruiser mingi za safu ya 70 na 80, plus inafika kwanza ku ampuli ya mbele, na kitufe kinakata upande wa masi. Ndiyo maana ampuli fulani za LED zinakataa kubadilisha taa ndefu na taa fupi.

Fizible inakatika kila mara

Ilikuwa ya ampere 10? Rudisha ya 10. Kuweka ya 30 ao kipande cha waya ni kufukuza mulinzi: waya ya ndani ya tablo itaungua mahali pa fizible, na motokari inaweza kushika moto. Toa kwanza minus ya batri, kisha tafuta waya yenye kuchubuka, zaidi pale inapojikunja ku mulango wa nyuma na pale inapopita karibu na injini ao chini ya gari.

Taa zenye kutoka Japani

Inchini kwetu tunapita kuume. Japani wanapita kushoto. Taa fupi za motokari yenye kutoka kule zinainua mwangaza upande wa kushoto, sawasawa ndani ya macho ya mwenye kuja mbele. Simamisha motokari mbele ya ukuta usiku: mwangaza unapaswa kupanda kuume. Ukipanda kushoto, kushusha taa hakutoshe. Badilisha taa nzima, tia ya inchi zenye kupita kuume.

Mbele ya safari ya usiku, zunguka motokari mara moja, taa zote zikiwaka, mutu mwingine akikanyaga frein. Dakika mbili zinatosha.