Betri ya Redio, Bando la Simu

Redio ya upepo ilikaa juu ya kabati la dawa, katika chumba kidogo ambacho mama alikiita ofisi. Lilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijivu, na kipaza sauti chake kilining'inia kwa waya uliojiviringa. Sisi watoto wa nyumba za watumishi tulikatazwa kuigusa. Kila asubuhi, kwa saa iliyopangwa, mama aliiwasha, akabonyeza kitufe, akataja jina la zahanati yetu, akamalizia na "ova." Kisha akasubiri. Kwanza ulikuja mvumo kama wa mvua juu ya bati, halafu katikati ya mvua ile ikasikika sauti ya mtu wa Nansio akimuuliza habari za asubuhi na idadi ya wagonjwa.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya 1990, kwenye kisiwa kidogo upande wa Ukerewe. Mama alikuwa muuguzi mkunga. Kwa mtumbwi wa injini, hali ya hewa ikiwa nzuri, tulikuwa kama saa mbili kutoka Nansio. Na kutoka Nansio hadi Mwanza mjini ni meli tena, saa tatu na zaidi. Ziwa likichafuka, tulikuwa mbali na kila mtu.

Redio ile ilitumia betri ya gari. Paneli ya sola iliyokuja nayo iliibwa mwaka wa kwanza na haikuletwa nyingine. Kwa hiyo betri ilipoisha ilifungwa kamba, ikapakiwa kwenye mtumbwi wa dagaa, ikaenda kuchajiwa Nansio, ikarudi baada ya siku mbili au tatu. Nauli ya betri na pesa ya kuchaji alitoa mama mwenyewe. Fungu la dawa lilikuwepo. Mafuta ya taa ya jokofu la chanjo yalikuja, ingawa kwa kuchelewa. Fungu la betri halikuwepo, kwa sababu kwenye karatasi redio ilikwisha kuhesabiwa kuwa imefika.

Usiku mmoja wa msimu wa upepo aliletwa dada mmoja, mimba yake ya kwanza, akiwa na uchungu tangu jana yake. Mama alimpima, akajua mtoto hatapita. Alitoka leba, akafika mlango wa ofisi, akasimama pale. Betri ilikuwa Nansio tangu juzi, na mtumbwi haukurudi kwa ajili ya mawimbi.

Alfajiri wanaume wanne walimpakia yule dada kwenye mtumbwi wa kasia. Nansio hawakuwa na habari, kwa hiyo hakuna aliyewasubiri mwaloni na hakuna gari lililoandaliwa. Alifika hospitali jua limeshapinduka. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Mama hakulizungumza jambo hilo nyumbani. Mwisho wa mwezi alinunua betri ya pili kwa mshahara wake.

Sasa nafundisha historia sekondari hapa Mwanza, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba historia ya nchi inapatikana pia kwenye stakabadhi. Angalia nani alilipa, na alilipia nini. Kwa hiyo nilipoanza kuandika habari za mawasiliano ya afya katika mwambao huu, nilianzia kwenye betri.

Redio za hospitali za vijijini hazikuanzishwa na serikali. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha jijini Nairobi huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref. Ndege peke yake haikutosha, maana rubani hawezi kwenda mahali ambapo hakuna aliyemwita. Katika miaka ya 1960 walijenga mtandao wa redio ulioziunganisha hospitali za mbali za Afrika Mashariki, nyingi zikiwa za misheni. Daktari aliye peke yake porini aliweza kueleza hali ya mgonjwa na kupewa ushauri, na mara nyingine ushauri huo uliondoa haja ya ndege. Leo tungesema hiyo ni tiba mtandao. Wao waliita zamu ya redio.

Serikali nayo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilijielekeza kwenye majengo na watu: zahanati, vituo vya afya, waganga na wakunga wa vijijini. Mwaka 1971 Hospitali ya Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake, ikawa mahali ambapo Kanda ya Ziwa yote hupeleka wagonjwa walioshindikana. Ukija Mwanza kwa meli, ni moja ya majengo unayoyatambua mapema. Lakini simu haikuzifuata zahanati. Shirika la posta na simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, kila nchi ikabaki na mitambo yake, na huku kwetu waya uliishia makao makuu ya wilaya. Kuanzia hapo ni mtumbwi.

Simu ya mkononi ya kwanza nchini ilianza mwaka 1994, na Vodacom ikaingia mwaka 2000. Makampuni yalijenga minara penye wateja. Hilo si kosa, kwani mfanyabiashara wa sangara naye hapeleki boti pasipo na samaki. Ila kisiwa chenye kaya mia mbili hakikuwa na mvuto kwa mtu yeyote, na zahanati yake vilevile.

Hapa ndipo serikali ilipoingia kwa sheria. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2009. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Kampuni za mawasiliano huchangia sehemu ya mapato yao. Mfuko hutangaza zabuni kwa kata zisizo na mawasiliano. Kampuni inayoshinda hupewa ruzuku ya kujenga mnara mahali ambapo kwa hesabu za biashara isingejenga. Mwaka huohuo wa 2009 ulianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa, kwa mkopo kutoka China, na nyaya zake zikafika hadi Mwanza.

Mwaka 2007, mwaka mmoja tu baada ya sheria ya Mfuko, Wizara ya Afya nayo ilianza mpango wa miaka kumi, MMAM, uliolenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Nikiziweka karatasi hizi mbili mezani, naona ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja bila kujuana. Mmoja alihesabu minara, mwingine akahesabu zahanati. Mwenye minara alifika kwenye kata akamaliza kazi yake. Mwenye zahanati alijenga kuta, akaleta kitanda cha kujifungulia na vitabu vya MTUHA. Katikati yao palibaki swali dogo ambalo halikuwa la wizara yoyote: mnara ukishawaka, nani atalipia bando la zahanati?

Jibu nimeliona kwa macho yangu. Binti wa mama mdogo ni muuguzi katika zahanati ya mwambao, ng'ambo ya Sengerema. Mnara upo, unauona kutoka mlangoni, na usiku taa yake nyekundu inawasaidia wavuvi. Kwenye simu yake kuna kundi la WhatsApp la wauguzi na madaktari wa eneo lile. Akipata kidonda asichokielewa, anaomba ruhusa ya mgonjwa, anapiga picha bila kuonesha uso, anauliza. Mjamzito akiwa na presha ya kupanda na maji miguuni, anaandika vipimo, na daktari anamwambia aanze dawa gani kabla ya safari. Taarifa za mwezi nazo anazituma kwa simu hiyohiyo.

Simu ni yake, na bando ni lake pia. Nilipomuuliza anatumia kiasi gani kwa wiki, alicheka kwanza. "Kaka, nikianza kupiga hesabu nitaacha."

Serikali haikukaa. Tarehe 13 Mei 2023 mjini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713, chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali unaogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mfuko umegusa tiba mtandao yenyewe pia, kwa kusaidia kuiunganisha Hospitali ya Taifa Muhimbili na baadhi ya hospitali za mikoa. Hizo ni hatua za kweli, na mtu aliyekua akisikiliza mvumo wa redio hawezi kuzidharau. Lakini mnara ni wa kata. Hospitali ya mkoa ina mhasibu na fungu la intaneti. Zahanati ina muuguzi na pochi yake.

Nchi nyingine zimelishika swali hili kwa mkono mwingine. Marekani ilipoandika upya sheria yake ya mawasiliano mwaka 1996, iliwataja watoa huduma za afya wa vijijini kwa jina. Mfuko wao, kama wetu, hulishwa na michango ya kampuni za simu. Tofauti ni kwamba sehemu ya fedha hizo hulipa ankara ya kituo cha afya chenyewe. Katika mpango wao mmoja, kituo kinachostahili hupunguziwa asilimia 65 ya gharama ya intaneti, mwaka hadi mwaka. Alaska, ambako vijiji vingi hufikiwa kwa ndege ndogo kama sisi tunavyofikiwa kwa mtumbwi, imekuwa kati ya wanufaika wakubwa. Si peponi. Kikomo cha dola milioni 400 kwa mwaka kilikaa tangu 1997, maombi yakakizidi mwaka 2016, na mwaka 2018 ikabidi kipandishwe hadi milioni 571. Lakini wanagombania ukubwa wa fungu. Sisi hatujafika kwenye ugomvi huo, kwa sababu fungu lenyewe hatujalipa jina.

Nisingependa msomaji adhani kwamba mfano mzuri uko ng'ambo tu. Upo mwingine, na ulijaribiwa hapahapa. Mwaka 2013 Sengerema ilikuwa kati ya maeneo ya kwanza kujaribu mfumo ambao leo unaitwa m-mama, ulioanzishwa na Vodafone Foundation pamoja na serikali na wafadhili wengine. Mjamzito akipata dharura, hupigwa simu kwa namba isiyo na malipo. Muuguzi wa kituo cha simu huuliza maswali, hupima uzito wa jambo, na hupanga usafiri. Kama gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa kawaida wa eneo lile aliyefundishwa na kuandikishwa, naye akimfikisha mgonjwa hulipwa nauli yake kwa M-Pesa. Mwezi Aprili 2022 Rais Samia aliuzindua kuwa mfumo wa nchi nzima, na namba ni 115.

Ukiutazama kwa jicho la mwalimu wa historia, mitambo yake si ya ajabu. Ni simu za kawaida na teksi za kawaida. Kilicho kipya ni kwamba kuna mtu aliketi akaifuata shilingi hadi mwisho. Anayepiga halipi. Dereva haambiwi asubiri malipo hadi mwezi ujao. Wilaya hutenga fedha. Muuguzi anayeita hatoi kitu mfukoni. Redio ya mama ingekuwa na mfumo huo, betri isingekuwa Nansio usiku ule. Au ingekuwa Nansio, na nyingine ingekuwa juu ya kabati.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, kilomita tatu juu ya maji. Wagonjwa wa Sengerema waliokuwa wakisubiri kivuko usiku sasa wanafika Bugando bila kusimama. Nilivuka mara ya kwanza nikiwa na mama. Alinyamaza njia nzima akihesabu nguzo, kisha akauliza nani atakuwa anabadilisha taa zikiungua. Nilimwambia bila shaka kuna fungu la matengenezo. "Vizuri," akasema. "Muulize kabisa."

Tulikuwa tunakwenda kumwona binti yule. Tulimkuta amekaa kwenye benchi nje ya zahanati, simu mkononi, akisubiri jibu la daktari kuhusu mtoto aliyelazwa. Alimwamkia mama shikamoo bila kuinua macho kwenye kioo, akaomba radhi. Mama akaketi karibu naye. Alikuwa ameshika mkono wa kazi ileile kwa miaka thelathini na alijua kusubiri ni sehemu yake.

Jibu halikuja. Baada ya dakika kadhaa ulikuja ujumbe wa kampuni ya simu ukisema bando limekwisha.

Mama alifungua fundo la kanga yake, akatoa noti ya elfu tano, akaiweka kwenye mapaja ya binti. Hakusema neno. Binti akamwita mvulana aliyekuwa akicheza chini ya mwembe, akamtuma dukani kwa wakala.