Mafuvu ya Turkana na Vichwa vya Eastlands

Katika kliniki za Eastlands, kuanzia Pumwani hadi Kayole, mama akipeleka mtoto chanjo anaweza kumwona muuguzi akimzungushia utepe kichwani, juu kidogo ya nyusi na kupita kisogoni, kisha akagusa utosi taratibu kwa ncha ya kidole. Mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni huzaliwa na kichwa chenye mzingo wa sentimita 35 hivi. Akifikisha mwaka mmoja, utepe unasoma karibu sentimita 46. Mifupa ya fuvu lake bado haijaungana, ndiyo maana utosi unadunda, na kwa wengi haufungi mpaka mtoto akaribie mwaka mmoja na nusu. Nafasi hiyo huuachia ubongo njia ya kukua. Sokwe huzaliwa ubongo wake ukiwa umefikia kama asilimia 40 ya ukubwa wa utu uzima. Wa binadamu haufiki hata asilimia 30. Sehemu kubwa ya kazi hiyo sisi tunaifanya tukiwa tumebebwa mgongoni.

Ukimtazama sokwe mchanga utamwona ana paji la mviringo na uso mfupi, karibu kama wa mtoto wetu. Njia zao huachana kadiri wanavyokua: taya za sokwe husonga mbele, nyusi zikatokeza, paji likalala nyuma. Kwa hiyo anayetaka kujua binadamu alitokeaje hawezi kutosheka na mafuvu ya watu wazima. Anahitaji ya watoto, nayo ni adimu mno, kwa kuwa mifupa yao ni laini na huoza upesi.

Nairobi, hata hivyo, ilianza kupima vichwa kwa nia nyingine kabisa. Mwaka 1933 walowezi na madaktari kadhaa walianzisha hapa chama cha kuchunguza kile walichokiita uboreshaji wa mbari. Mmoja wa vinara wake alikuwa H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipima vichwa vya Waafrika na kutangaza kwamba ubongo wao ni duni kwa maumbile. F. W. Vint, wa maabara ya utafiti wa tiba ya hapa Nairobi, akachunguza ubongo wa Waafrika 100, na mwaka 1934 akachapisha madai kwamba ni mwepesi kuliko wa Wazungu.

Ebu tukumbuke Eastlands ya siku hizo. Pumwani ilikuwa na umri wa miaka kumi na kitu tu, mtaa uliotengwa ili Waafrika wawe mbali na makazi ya Wazungu. Wakazi wake na wale wa Kariokor walikuwa vibarua, wapishi, madobi na wafanyakazi wa reli, wengi wakibanana katika chumba kimoja. Ukubwa wa ubongo hufuata kimo cha mtu, na ukuaji wake huathiriwa na chakula na maradhi ya utotoni. Tena kati ya watu walio hai, uzito wa ubongo si kipimo cha akili ya mtu. Huko Uingereza mjadala ulifika magazetini, na serikali ya London ikakataa kutoa fedha za kuendeleza utafiti ule. Mimi nasema waziwazi: ile ilikuwa hukumu iliyotolewa kabla ya ushahidi, na waliohukumiwa ni babu na nyanya zetu.

Ushahidi wenyewe ulikuwa ardhini. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Lilipelekwa Uingereza kwa ndege, likakaa huko hadi miaka ya 1980 liliporudishwa Kenya. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo aliona vipande huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Viliokotwa zaidi ya 150, na Meave Leakey na wenzake wakaviunganisha kwa uvumilivu hadi likapatikana fuvu lililosajiliwa kwa namba 1470, la miaka karibu milioni 2.

Kisha akaja Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani aliyeanza kazi ya kuchimba kama kibarua Olduvai mwaka 1960. Agosti 1984, kambi ikiwa mapumzikoni kando ya mto Nariokotome, alitoka kutembea akaona kipande kidogo cha paji la uso kati ya kokoto za rangi ileile. Kipande hicho ndicho kilichoongoza kwenye mifupa ya Mvulana wa Turkana, aliyekufa miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Kwa urefu na mifupa yake ungemkisia miaka 12 au 13. Lakini jino hukua tabaka kwa tabaka, na tabaka hizo huhesabika. Zilipohesabiwa zikasema alikuwa na miaka kama minane. Ubongo wake, sentimita za ujazo 880, ulikuwa umekaribia kikomo. Utoto wake ulikuwa mfupi kuliko wetu.

Fuvu ninalolipenda kuliko yote ni lile lililopewa jina la Alesi. Mwaka 2014, huko Napudet, magharibi ya Turkana, kundi la mtafiti Isaiah Nengo lilikuwa likirejea baada ya siku isiyo na mafanikio. John Ekusi alitangulia mbele, kisha wenzake wakamwona akizungukazunguka mahali pamoja. Chini palikuwa na fuvu lenye ukubwa wa limau, lililofunikwa na majivu ya volkeno miaka milioni 13 iliyopita. Lilipelekwa Grenoble, Ufaransa, likapigwa eksirei zenye nguvu kubwa bila kuvunjwa. Ndani ya taya yalionekana meno ya ukubwani ambayo hayajachomoza, na mistari ya kila siku ya ukuaji wake ikahesabika: mtoto huyo alikufa akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Umri huo ndio ambao utosi wa mtoto wa Pumwani unakaribia kufunga. Mirija ya mfupa ya sikio ikathibitisha kwamba alikuwa wa ukoo wa nyani wasio na mkia, ukoo wetu na wa sokwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Nengo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyesomea udaktari wa falsafa Harvard, alifariki mwaka 2022. Mwaka huohuo Kimeu naye akaaga dunia.

Mafuvu haya yanahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, umbali wa matatu mbili tu kutoka Umoja au Dandora, lakini watoto wengi wa Eastlands hawajawahi kuyaona. Walimu, wapelekeni. Nanyi wasimamizi wa Makumbusho, leteni nakala za plasta katika kumbi za kijamii za Kaloleni na Makadara, na majina ya Ngeneo, Kimeu, Ekusi na Nengo yaandikwe kando yake kwa herufi kubwa.