Champaner: Msikiti wa mfalme na hekalu la mlimani



Zile picha nilizoweka wiki iliyopita zimeleta maswali mengi. Mmoja kauliza msikiti ule uko wapi, mbona ni mzuri namna ile na hauna watu. Mwingine, Allah amhifadhi, kauliza Sheikh alifuata nini kwenye mlima wa hekalu. Maswali yote mawili yana jibu moja refu, basi mwenye nafasi ashike kikombe chake cha kahawa asome.

Nilikwenda India kumuuguza kaka yangu, na tukakaa Vadodara, katika jimbo la Gujarat. Siku moja madaktari walituambia hakuna kipimo wala dawa mpya hadi kesho yake. Mwenyeji wetu, mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Kampala na ambaye Kiswahili chake bado hakijachuja, akaniambia, "Sheikh, twende Champaner. Asubuhi misikiti, mchana mlima, Magharibi tumerudi." Ni kiasi cha kilomita 50 tu.

Champaner ulikuwa mji wa wafalme wa Kihindu wa ukoo wa Khichi Chauhan, chini ya mlima uitwao Pavagadh wenye urefu wa karibu mita 800. Sultani wa Gujarat, Mahmud Begada, aliuzingira kwa miezi ipatayo ishirini. Wanahistoria wameandika kwamba alianza kujenga msikiti pale pale kambini, ili askari wake na maadui zake wote wajue kwamba haondoki. Ngome ilianguka Novemba 1484. Mfalme wa Kihindu, Rawal Jaisingh, alikamatwa akiwa na majeraha, akatakiwa asilimu, akakataa, akauawa.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana wengine wetu tukifika hapa hupiga takbira. Ndugu yangu, aya ya 256 ya Suratul-Baqara unaijua kwa moyo. Hakuna kulazimishana katika dini. Sultani akipigana vita vya ufalme, hiyo ni hesabu ya wafalme, nao wote walikuwa wakipigana, Waislamu kwa Wahindu na Waislamu kwa Waislamu. Lakini kumwekea mateka upanga shingoni na shahada mbele yake, hilo hatulitetei kwa sababu tu aliyelifanya anaitwa Mahmud. Historia ya Waislamu si Qur'ani. Ina mazuri ya kujivunia na ina ya kuombea maghfira.

Wahindu nao wana hadithi yao juu ya kuanguka kwa mji huo. Wanasema mungu wao wa kike alishuka katika sura ya mwanamke kucheza ngoma pamoja na wanawake usiku wa sikukuu, mfalme akamtamani, basi akaulaani ufalme wake. Sisi hatuamini habari za miungu. Ila nilivutiwa na jambo moja: watu wameshindwa vita, na hadithi waliyobaki nayo inamlaumu mfalme wao mwenyewe kwa tamaa yake. Mara ngapi sisi tumeshindwa tukajitazama?

Tuje kwenye misikiti. Begada aliupa mji jina la Muhammadabad, akaufanya makao yake makuu, akajenga kwa miaka mingi. Msikiti mkubwa, Jami Masjid, ndio ule wa kwenye picha. Ulimalizika mwanzoni mwa karne ya 16. Una minara miwili ya kama mita 30, nguzo zipatazo 170, na mihrabu saba zilizopangwa kwenye ukuta wa kibla. Kuba la katikati limeinuliwa juu ya ghorofa zenye vibaraza, na mwanga unaingia kupitia madirisha ya mawe yaliyotobolewa kama lesi. Ukuta mmoja wa namna hiyo unatenga sehemu iliyokuwa ya wanawake wa kifalme.

Ukitazama kwa makini utaona mikono ya mafundi waliorithi ufundi wa mahekalu. Nguzo zile, mihimili ile, vibaraza vile vinavyochomoza nje ni ujenzi wao wa siku zote. Wamechonga maua, mizabibu na nakshi za mistari, na sura za watu na wanyama wameziacha. Fundi alibaki na ufundi wake, akaheshimu msikiti ni nini. Huko Nagina Masjid, umbali mfupi tu, kuna jengo la kaburi pembeni yake ambalo mawe yake yamechongwa maua na mimea kiasi cha kudhani ni mbao. Tuliona na Kevda Masjid, na mwingine uliobakiwa na mnara mmoja, na Sahar ki Masjid ndani ya ukuta wa kasri.

Yote haiswaliwi. Ni mali ya idara ya mambo ya kale, na tangu 2004 eneo zima ni urithi wa dunia wa UNESCO. Wanaoingia ni watalii, wanafunzi na maharusi wanaopiga picha. Nilivua viatu hata hivyo. Kwa wanazuoni wetu wa Kishafi, msikiti uliowekwa wakfu haupotezi hukumu yake kwa kuachwa wala kwa kubomoka.

Sasa, kwa nini mji wenye misikiti kama hii ukafa? Begada alifariki 1511. Mwaka 1535 Humayun, mfalme wa Wamoghuli na Mwislamu pia, aliivamia ngome ya mlimani usiku. Watu wake kama 300 walipanda jabali kwa kupigilia vyuma kwenye mwamba, naye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Sultani wa wakati huo, Bahadur Shah, alikuwa ameshakimbia. Baada ya hapo makao makuu yakarudi Ahmedabad. Watumishi wa kasri wakahama, wafanyabiashara wakafuata wateja, mafundi wakafuata kazi. Mji uliodumu kama makao ya ufalme miaka hamsini na kitu ukamezwa na msitu.

Habari hii inatugusa sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Nguo za Gujarat zilivaliwa Kilwa na Mombasa, na pembe na dhahabu ya huku ilikwenda kule. Adui pia alikuwa mmoja. Francisco de Almeida, Mreno aliyeiteka Kilwa Julai 1505 na kuichoma Mombasa mwezi uliofuata, ndiye huyo huyo aliyezipiga merikebu za Misri, Gujarat na Calicut karibu na bandari ya Diu, Februari 1509, Begada akiwa bado kwenye kiti chake. Bahadur Shah naye aliuawa na Wareno hapo hapo Diu mwaka 1537. Kwa hiyo aliyesimama kwenye magofu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani asijione yuko mbali na Champaner.

Mchana tulipanda mlima. Kuna vigari vya kamba ya chuma tangu 1986, na ukishuka bado zipo ngazi za kutosha kumtoa jasho mtu wa umri wangu. Na njia nzima ni watu! Bibi vizee wanapanda wakijishika magoti, akina baba wamebeba watoto mabegani. Juu kabisa liko hekalu la Kalika Mata. Nilifika hadi juu na sikuingia ndani. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuingia nyumba za ibada zenye masanamu, na mimi nilichukua njia ya tahadhari. Kutazama mlima na historia yake si ibada. Na kuitukana miungu ya wale wazee wanaopanda, hilo limekatazwa na aya ya 108 ya Suratul-An'aam.

Juu ya paa la hekalu hilo palikuwa na kaburi la pir wa Kiislamu, Sadanshah, kwa muda mrefu. Siku hizi limehamishwa na kujengwa pembeni, kwa makubaliano ya pande mbili, na Juni 2022 Waziri Mkuu wa India alikwenda kupandisha bendera kwenye kilele kipya cha hekalu. Nilimuuliza mwenyeji wangu analionaje jambo hilo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, afadhali tuliongea kuliko tungepigana."

Kilichonikera pale juu, nawaambieni kweli, hakikuwa hekalu. Ni kuiona minara ya Jami Masjid kule chini, kimya, wakati mlima umejaa. Mfalme wa Kihindu alishindwa 1484, na hekalu likaendelea kwa sababu halikuwa likiishi kwa mfalme, liliishi kwa miguu ya wale bibi vizee. Msikiti wetu ulijengwa na kiti cha enzi, na kiti kilipohama, safu zikahama nacho. Linganisha na Kizimkazi, Unguja. Maandishi ya Kikufi kwenye ukuta wa kibla yanautaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni msikiti mdogo wa kijijini, na wavuvi wa Dimbani wanaswali humo mpaka leo.

Kamati zinazonipigia simu kuniomba niwatafutie mfadhili wa minara ya tatu na ya nne, huku madrasa yao ina mwalimu mmoja asiyelipwa, wanisamehe nikichelewa kupokea.

Kwa wanaokwenda Gujarat na wagonjwa: tokeni Vadodara mapema kabla ya jua kuwa kali, anzeni na misikiti, beba maji ya mlimani. Adhuhuri swalini Halol, mji wa jirani. Na mkiwa mmenuia kukaa Vadodara siku nne au zaidi, nyinyi ni wakaazi, na kilomita 50 hazifikii masafa ya kupunguza swala katika madhehebu yetu, ambayo ni kama 80. Mtaswali rakaa nne kamili.

Wallahu aalam.