Shokapu za mbele, ubadilishaji wa

Ni kuifungia pikipiki ya zamani, mfano Honda CG125, shokapu nene za toleo jipya. Kwenye vilima vya mawe vya Mwanza, Mkolani ikiwemo, faida yake ni ya kweli: bomba nene halipindi upesi breki inapobanwa mteremkoni, na breki ya diski huweza kuchukua nafasi ya dramu. Wapo wanaodai kwamba zikienea tu, inatosha. Dai hilo ni la hatari, kwani urefu wa shokapu ndio unaoamua mlalo wa usukani: zikiwa fupi mno, usukani huyumba kwenye mwendo, zikizidi urefu, kona hukatika kwa shida. Kwa hiyo urefu wake ulingane na wa zile za zamani, na vishikio vyake, ekseli, rimu na breki vihamishwe pamoja. Ikiwa tatizo ni kuzama tu, springi mpya na oili nzito zaidi hutosha, tena kwa gharama ndogo.